Mtoto Niliyesema Sikumbatiza

Nilimbatiza mtoto wa watu bila kuomba ruhusa, na kwa miaka ishirini na minne nilisema sikufanya hivyo. Nilikana mbele ya baba yake. Nilikana mbele ya mkubwa wangu wa kazi. Nilikana hata mbele ya mtoto mwenyewe, akiwa na miaka kumi, amekaa kwenye kochi langu anakula karanga. Mtume Petro naye alikana mara tatu, lakini yeye alizimaliza zote kabla hakujakucha. Mimi nilizigawa kwa awamu.

Nawaandikia ninyi wakunga na wauguzi mliobaki pale kituoni, mlioniaga kwa kitenge, soda na hotuba ndefu. Katika hotuba mlisema nimeishi maisha ya kujitoa kwa Mungu. Nilitazama viatu vyangu mpaka mlipopiga makofi. Baadaye mmoja wenu alinifuata pembeni akaniuliza, “Mama, hayo maisha ya kujitoa yanakuwaje hasa, siku kwa siku?” Nikamjibu kitu kuhusu sala na uvumilivu, jibu la kuandikwa kwenye kalenda. Alishukuru kwa adabu, akaenda kuchukua keki. Hili hapa ni jibu la pili.

Jina la kituo sitalitaja. Kiko kati ya Karagwe na Kyerwa, ni mali ya kanisa, na anayekijua anakijua. Nilifika pale nikitokea chuo cha uuguzi, binti wa mzee wa kanisa kutoka Rugera, nimekulia kati ya migomba na mibuni, nikiwa na Biblia mpya yenye zipu. Nilikuwa nimepanga kumtumikia Mungu kwa utaratibu: kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote, nitafumba macho na kuomba.

Mkunga mkuu alikuwa Dada Hilda, shemasi wa Kilutheri, mfupi, aliyevaa viatu vya kiume kwa sababu, alisema, vya kike vinatengenezwa na watu wasiosimama. Asubuhi yangu ya kwanza alinikabidhi mama aliyekuwa katika uchungu wa mwisho. Nikafumba macho. Niliomba vizuri, nadhani; nilimtaja mama, mtoto, familia na serikali. Nilipofumbua, mtoto alikuwa tayari duniani, kichwa chini miguu juu, mikononi mwa Dada Hilda.

“Umemaliza?” aliniuliza.

“Ndiyo, Dada.”

“Basi lete taulo.”

Hakunisema tena kuhusu jambo hilo. Ila niligundua kwamba yeye aliomba wakati wa kunawa mikono. Alikuwa anaanza Baba Yetu kwenye ncha za vidole na kufika amina kwenye kiwiko, na aliyemwongelesha katikati alimfanya aanze upya, sala na sabuni pamoja. Mimi ni mtu wa kutaka kujua, hilo ndilo gonjwa langu. Nilichukua saa nikapima. Baba Yetu ya Kinyambo ilinichukua muda mrefu kuliko ya Kiswahili, kwa hiyo wenye mikono michafu zaidi niliwashauri wasali kwa lugha ya nyumbani. Dada Hilda alisikia habari za utafiti huo. “Mungu amekupa akili,” alisema, “na wewe unaichezea kwenye karo.”

Chombo nilichokipenda kuliko vyote ni kile kifaneli cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Najua sasa mna mashine yenye kioo, na iko vizuri, mpaka umeme ukatike. Kifaneli hakitaki umeme, kinataka unyamaze. Unaweka sikio, unaondoa mkono, unaacha kupumua kwa nguvu, na kwa mbali unasikia kitu kama saa ya mkononi iliyofunikwa kwa mto. Nilijaribu mara nyingi kuomba huku nasikiliza. Haiwezekani. Nilipoanza kuomba, mapigo yalipotea. Nilipoyapata mapigo, maneno yalipotea. Jaribuni wenyewe. Ilinichukua miaka kadhaa kuacha kujisikia mkosaji kwa sababu hiyo.

Kesi ngumu zilikuwa za aina mbili. Za kwanza mnazijua, zimeandikwa kwenye vitabu vyenu. Za pili zilihusu maji. Kituo ni cha kanisa, na mtoto akizaliwa yu mahututi, mkunga Mkristo yeyote anaweza kumbatiza palepale. Dada Hilda alinifundisha hilo kwa mpangilio, kama alivyofundisha kushona. Kwanza mikono yako ifanye yote inayoweza kufanya. Kisha muulize mama. Mama akishindwa kusema, muulize baba. Baba akiwa hayupo, muulize ndugu yeyote aliye kwenye benchi. Wakikubali, chukua maji yaliyochemshwa yakapoa, taja jina walilokupa, batiza, andika kwenye daftari. Wakikataa, usimguse.

“Na kama mtoto anakufa huku wamekataa?” nilimuuliza.

“Mungu hajapungukiwa maji,” alisema, akaendelea kukunja shuka.

Nilielewa. Nataka mjue kwamba nilielewa.

Mama yake Kemilembe, mtoto ninayemsimulia, aliletwa kiangazi, mchana wa jua kali, katikati ya watu wawili kwenye pikipiki moja. Walitoka upande wa mbugani, kule kwa wafugaji, njia ya kuelekea Murongo. Mume wake, Kaihura, alikuwa anamshikilia kwa nyuma, na shati lake lote lilikuwa limelowa damu ya mke wake. Mtoto alitoka haraka, damu haikukoma. Dada Hilda aliamua mama apelekwe hospitali kubwa saa ileile. Akapanda naye kwenye pikapu ya kituo, Kaihura akapanda nyuma, na mimi nikabaki na mtoto, kwa sababu mtoto alikuwa hapumui kiasi cha kusafirishwa popote.

Nilimkausha. Nilimsafisha pua na mdomo. Nilichukua mfuko wa kupumulia, ule tunaouita ambu, nikaanza kubonyeza na kuhesabu. Moyo ulipiga polepole, ukazidi kupungua. Kwenye benchi hapakuwa na mtu. Kadi ya kliniki ya mama ilikuwa mezani, na pale tulipokuwa tunaandika dhehebu paliandikwa jina la kanisa lao, moja ya yale yanayobatiza watu wazima tu, kwenye maji mengi, mtu akiwa ameomba kwa kinywa chake. Nilisoma. Halafu kwa mkono wa kushoto nikafikia kibakuli cha chuma cha maji yaliyochemshwa, mkono wa kulia ukiwa bado kwenye ambu, nikambatiza.

Jina sikuwa nalo. Kwetu mnajua, kumpa mtoto jina ni haki ya ukoo wa baba, na mgeni hajiingizi humo. Nilitafuta jina lolote kichwani, la Biblia, la kalenda, la jirani. Yalikimbia yote. Lililobaki lilikuwa Asnath. Asnath ni mimi.

Msiandike muujiza tafadhali. Mtoto hakulia palepale. Nilibonyeza ambu dakika nyingine kadhaa, na katika dakika hizo midomo ilianza kubadilika rangi, kisha akakohoa, kisha akalia kwa hasira kabisa. Hadi leo sijui ni nini hasa kilitokea katika dakika hizo, na nimejiuliza zaidi ya mtu yeyote. Nilichojua wakati ule ni kwamba nilikuwa nimemwagia maji mtoto wa watu kwa sababu nisingeweza kuvumilia kukaa pale nisimwagie.

Kaihura alirudi kesho yake. Mke alikuwa hai. Alikuwa hajalala, na furaha yake ilikuwa inatisha kidogo. Alisimama kando ya kitanda cha mtoto, kofia mkononi.

“Mukama asiimwe,” alisema. Mungu ashukuriwe. Kisha akanigeukia. “Sista, naomba nikuulize kitu, usikasirike. Nasikia hapa kwenu mtoto akizidiwa mnamwagia maji ya ubatizo. Huyu hamkummwagia?”

“Hapana, baba,” nilisema. “Tulimfuta tu.”

Mimi hata “tulimfuta tu” sikulazimishwa kuisema. Niliiongeza mwenyewe, kwa uzuri wa hadithi.

Alinishika mikono yote miwili. “Wewe ni mtu wa kweli,” alisema. “Huyu ataingia majini siku atakayoomba mwenyewe. Hata kama nitasubiri mpaka nizeeke.” Jioni ile alileta maziwa ya wodi nzima.

Dada Hilda aliponiuliza mbona daftari la ubatizo halina kitu, nilimwambia hapakuwa na haja. “Kibakuli kilikuwa na maji nusu,” alisema. Nilichukua shuka, nikakunja. Hakuuliza tena, na alistaafu, akafa, bila kuuliza tena. Kati ya walionifundisha, ndiye pekee ambaye ningependa aniulize mara ya pili.

Baadaye nilikwenda chuo kikuu kutafuta shahada. Kulikuwa na somo zima la maadili, na ndani yake mada ya ridhaa ya mgonjwa. Nilipata alama nzuri sana kwenye ridhaa. Mhadhiri alisoma jibu langu mbele ya darasa.

Kaihura na mkewe hawakunisahau. Kila mwaka walikuja na siagi, na walikuja na mtoto. Walimwita Kemilembe. Alikuwa mtoto wa maswali, na hilo nilijipa sifa nalo kwa siri, kama vile maswali yanaambukizwa kwa maji. Ndiye aliyekuwa akila karanga kwenye kochi langu siku ile.

“Mama, siku nilipozaliwa ilikuwaje?”

Nilimweleza pikipiki, damu, pikapu, ambu, kikohozi. Nilimweleza hata jua.

“Ndiyo hivyo tu?”

“Ndiyo hivyo tu.”

Akakua, akasoma ualimu, akapata kazi shule moja jirani na Omurushaka. Kila kanisa lao lilipobatiza, pale kwenye lambo la kunyweshea ng’ombe, baba yake alimtazama. Akiwa na miaka kumi na sita alimwambia, “Baba, bado nauliza.” Akiwa na ishirini alimwambia vilevile. Wenzake Kaihura walimtania kwamba amezaa wakili. Hakumlazimisha hata mara moja. Nilimheshimu kwa hilo, na kila nilivyozidi kumheshimu ndivyo nilivyozidi kunyamaza.

Wiki moja baada ya ninyi kuniaga, Kemilembe alikuja nyumbani kwangu Rugera. Alinikuta napunguzia mibuni matawi. Alipiga goti kidogo, akaamkia, akasema kabla sijamaliza kuitikia:

“Naingia majini, mama. Jumapili ya wiki ijayo, siyo hii. Nimeomba mwenyewe. Baba amelia mbele ya ng’ombe.”

Nilimkumbatia. Mkasi wa kahawa ulikuwa bado mkononi mwangu.

Sasa angalieni mahali nilipokuwa. Nikinyamaza, binti huyu anasimama mbele ya Mungu na watu akiamini kitu ambacho mimi najua si kamili, na uongo wangu unazamishwa pamoja naye na kupigiwa makofi. Tena kwetu Walutheri ubatizo ni mmoja, haurudiwi. Nikisema, namharibia mzee wa watu furaha aliyoisubiri miaka ishirini na minne, na pengine nampoteza huyo binti kabisa. Kulikuwa na jambo la tatu, lililonisumbua kuliko hayo: sikuwa na hakika nilichokifanya siku ile ni nini. Labda nilimbatiza mtoto. Labda nilijituliza woga wangu kwa maji yaliyochemshwa.

Nilikwenda kwa mchungaji wangu, kijana mwenye umri wa mwanangu wa kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kanisa letu linafundisha ubatizo mmoja, mama.”

“Hilo nalijua, mchungaji. Nifanye nini?”

“Uliwahi kumwambia mtu?”

“Wewe ndiye wa kwanza.”

Alikuna kidevu. “Basi mimi siye uliyepaswa kuanza naye,” alisema, akanisindikiza mpaka barabarani.

Jumatatu nilipanda basi mpaka Omurushaka, nikabadilisha gari la kuelekea Murongo, nikashuka njiani nikachukua bodaboda. Dereva aliniuliza naenda msibani au harusini. Nilimwambia bado sijajua. Alicheka njia nzima.

Kaihura alinikaribisha ndani, akamwita mkewe, na maziwa yakaletwa kwenye chombo cha mbao kinachonukia moshi. Nilikunywa kidogo, nikaweka chini, nikasema. Nilisema yote bila mapambo: kadi niliyoisoma, kibakuli, maneno, na lile “tulimfuta tu”.

Kaihura aliweka chini chombo chake. Mvi zimemjaa sasa, na mikono yake mikubwa ilikuwa juu ya magoti kama vitu vya mtu mwingine.

“Na jina?” aliuliza hatimaye. “Ninyi hambatizi bila jina.”

“Langu, mzee.”

“Lako?”

“Asnath. Sikukumbuka jingine.”

“Waitu!” Alisimama. “Maji ningekuelewa! Mtoto alikuwa anakufa, umeogopa, umemwaga maji. Lakini jina! Umempa mtoto wa Kaihura jina la ukoo gani huo, wa pale Rugera?”

“Mwache,” mkewe alisema kutoka mlangoni. Ni mwanamke wa maneno machache, na magoti yake yanamsumbua tangu nimjue. “Mimi siku ile sikuweza hata kufumbua jicho. Wewe ulikuwa nyuma ya pikapu. Angalau kulikuwa na mtu wa kumwita kwa jina.”

“Nilimuuliza, mama Kemi. Nilimuuliza uso kwa uso. Nikamwita mtu wa kweli.”

“Najua,” nilisema.

“Ningekusamehe palepale. Nilikuwa na furaha ya kusamehe watu kumi. Miaka yote hii ya nini?”

Jibu langu ni moja, hadi sasa: nilipenda kushukuriwa, na niliogopa shukrani isipunguzwe. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia niko tayari kwenda Omurushaka kumweleza Kemilembe mwenyewe.

“Hapana,” alisema. “Wewe umeshamsemea vya kutosha. Nitamwambia mimi.”

Kisha akachukua chombo changu, akaona kimepungua, akanijazia tena. Nilikunywa yote. Sijui kama ilikuwa ukarimu au adhabu. Alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda, na wakati wa kuagana hakunipa mkono.

Siku zilizofuata nilipunguza mibuni mpaka mume wangu akauliza kama nina ugomvi na kahawa. Nilinawa mikono mara nyingi. Sala zangu zilikuwa fupi, hazikufika kwenye kiwiko. Na katikati ya hofu hiyo yote, mniamini, nilikuwa na hamu ya kujua: huyu binti aliyeuliza kila kitu, ataamua nini akipewa swali ambalo hakuwahi kujua lipo?

Alhamisi, saa nne asubuhi, simu iliita. Nilikuwa namenya ndizi, vidole vimejaa utomvu, nikaipokea kwa kiwiko nikaweka spika.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Niko nyumbani, mbugani. Baba ameniambia.”

“Ndiyo, mwanangu. Nisamehe.”

“Subiri kwanza, nina swali.” Sauti yake ilikuwa ya mwalimu. “Wakati unanimwagia, ulikuwa unamwomba Mungu nini?”

Nilifikiri sana, kwa sababu nilijua hili halitakiwi kupambwa. “Usife.”

“Hilo tu?”

“Hilo tu. Sikufika kwingine.”

Nilisikia mtu akimwambia kitu kwa Kinyambo, naye akamjibu, “Ngoja, baba.”

“Basi hilo lako ulipewa,” alisema. “Nami nakushukuru, sijakasirika, au nimekasirika kidogo, tutaongea. Lakini mimi nina la kwangu la kumwambia Mungu, na bado sijamwambia. Nilikuwa na saa moja duniani, mama, sikujibu kitu. Jumapili naingia. Na pale ukingoni nitawaambia watu wote kwamba haya ni maji ya pili, na ya kwanza yalitoka kwa nani. Sitaki kuanza na kitu kilichofichwa.”

“Ni haki yako.”

“Mchungaji wetu amekubali. Mchungaji wako atasemaje?”

“Atakuna kidevu.”

Alicheka, kicheko kile cha mtoto wa kwenye kochi. Halafu simu ikabadilisha mikono, na pumzi nzito ya Kaihura ikajaa jikoni kwangu.

“Sista.”

“Naam, mzee.”

“Chini ya lambo kuna tope. Anayebatizwa anashikwa pande mbili asiteleze. Kulia anashika mchungaji wetu. Kushoto huwa ni mzazi. Mke wangu hawezi kushuka ule mteremko. Mimi nikiona maji yanafunika kichwa cha huyu mtoto nitamwachia, najijua. Yeye amekutaja wewe.”

Nilitaka kumkumbusha mimi ni Mlutheri. Nilitaka kumweleza ubatizo mmoja, na kwamba nimesomea, na kwamba nina umri wa kuheshimiwa ukingoni, kwenye kiti. Yote hayo anayajua. Nilitazama mikono yangu, myeusi kwa utomvu.

“Nivae nini?” nilimuuliza.

“Nguo nzito,” alisema Kaihura. “Nyepesi zinaelea.”